Kadi Iliyopakwa Singo

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, si jirani yangu wala shemeji wa jirani yangu. Lilinitokea mchana kweupe, jua la utosi, sina homa, na tumboni mna chai na mihogo. Wala mimi si mtu wa kuona mashetani kila kona. Watu wa Kibiti wanaonijua watakwambia nina mdomo, nina haraka, nina hasira za karibu, lakini si mwongo.

Miaka ile nilikuwa na studio ya picha karibu na soko. Chumba kimoja, pazia la bluu, kiti cha mteja na kioo cha kujitazamia. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, vitu vya kila namna vinashuka kutoka Kariakoo, simu za mkononi zimeanza kulia mifukoni mwa watu, na mimi nikaachana na kamera ya mkanda nikanunua ya kidijitali. Nikanunua na kompyuta iliyokwishachoshwa na watu wengine huko ilikotoka. Umeme wa kutegemea hatukuwa nao. Nyuma ya studio nilikuwa na jenereta ndogo ambayo siku nyingine inawaka, siku nyingine inataka kubembelezwa.

Wateja wangu wakubwa walikuwa wenye harusi. Sababu unaijua: chumbani kwa mwali mwanamume haingii. Wapiga picha wenzangu wote walikuwa wanaume, kwa hiyo wao wanabaki uani wakipiga picha za masufuria ya pilau, mimi napita mpaka ndani. Ndivyo nilivyoitwa kwenda Maparoni, ng'ambo ya maji, kwenye harusi ya binti mmoja anaitwa Zaituni. Gari mpaka Nyamisati, kisha boti ya injini katikati ya mikoko, mkoba wa kamera nimeupakata kama mtoto, roho mkononi. Maji siyapendi.

Zaituni alilelewa na bibi yake, Bi Siwatu, tangu mama yake alipofariki. Walikuwa wawili tu katika nyumba ile. Bi Siwatu alikuwa mfupi, mchangamfu, mwepesi wa kucheka, na mtani hasa. Lakini nilishangaa kuambiwa kwamba tangu usichana wake hajavuka maji. Hata Nyamisati hajafika. Kwa hiyo picha hakuwahi kupigwa maishani mwake, maana wapiga picha wote tuko ng'ambo. Kwa nini havuki, siku ile sikuambiwa, na katika shamrashamra zile nani angeuliza?

Basi, hapa ndipo nilipofanya kosa langu. Siku ya singo mwali anakalishwa mkekani, anapakwa singo lenyewe, unga wa dalia na liwa uliokorogwa na mafuta, mpaka mwili unakuwa wa manjano na chumba kizima kinanukia. Baadaye ndipo anaogeshwa, anapambwa, anatolewa. Na katika nyumba ile ilikuwa mwiko mwanamke kuingia akakaa anatazama. Ukiingia, unachovya mkono, unampaka mwali, na wewe unapakwa. Mimi nilisimama kando na kamera yangu, najifanya niko kazini. Bi Siwatu akaniona.

"Mkono mkavu huo wa nini?" akasema. "Wamnunia mjukuu wangu?"

Akanishika kiganja akakitumbukiza bakulini. Wanawake wakapiga vigelegele, mimi nikampaka Zaituni mashavuni, nikapakwa na mimi mpaka masikioni. Nikajifuta kidogo kwenye khanga, nikaendelea kupiga picha. Nikipaka, napiga, nikipaka, napiga. Ngoma ile inakwisha, kadi ikajaa. Kadi yenyewe unaijua, kidude cha ukubwa wa stempu, mgongoni kina meno madogo ya rangi ya dhahabu. Nikaichomoa kwa vidole vile vile vya mafuta na dalia, nikatia nyingine, na ile ya kwanza nikaifunga kwenye pindo la khanga. Mpiga picha wa Dar angekuwa na mkoba wenye vifuko kumi. Mimi nilifanya kama mama yangu na bibi yangu walivyofanya kwa kitu cha thamani: nikakipiga fundo.

Harusi ikaisha salama. Mume wa Zaituni ni mtu wa Kibiti, akaondoka na mkewe siku ile ile. Bi Siwatu akabaki gatini akipunga mkono na kutukana kwa utani, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Siku ya sita baada ya harusi, asubuhi, Zaituni akaingia studio. Hakuwa na sura ya mtu aliyeolewa wiki hiyo. Macho yamevimba, midomo imekauka.

"Dada," akaniambia, "bibi amefariki. Siku ya tatu tu baada ya mimi kuondoka. Wamemkuta amelala, peke yake ndani."

Nikamkalisha, nikalia naye, maana nilimpenda yule bibi kwa siku zile mbili tu. Zaituni akaendelea, sauti haina hata machozi tena.

"Mimi ndiye niliyemuua. Nilimwacha peke yake, hana hata wa kumwambia nimeumwa kichwa. Chakula hakinipiti. Nimemwambia mume wangu nataka kurudi nikakae na kaburi lake. Lakini kwanza nipe uso wake, dada. Nataka nimtazame nimwombe radhi."

Nikamwambia ngoja, dakika moja. Sikuwa nimezifungua picha zake kwa sababu nilikuwa na kazi nyingine. Nikawasha jenereta, nikawasha kompyuta, nikatia kadi ya pili. Ikafunguka vizuri: mwali anatolewa, wanaume wanakula, watoto wanagombea soda. Bi Siwatu hayumo hata kwa kisigino, kwani siku hiyo alishinda jikoni. Picha zake zote zilikuwa kwenye kadi ya singo. Nikafungua fundo, nikaitia.

Kompyuta ikakaa kimya. Haikuiona. Nikaichomoa, nikaitia tena. Nikahamishia waya wa kisomeo, kile kidude cha kusomea kadi, nyuma ya kompyuta, nikazima, nikawasha. Kimya. Nikairudisha kadi kwenye kamera, kamera ikaandika kwamba kadi ina hitilafu. Zaituni ananitazama mikono. Nikamdanganya kwamba mashine imechoka, arudi kesho kutwa, na nikamwona anavyoinuka taratibu, na moyo wangu ukaniuma kwelikweli.

Mchana nikamwita Hamadi, fundi wetu wa pekee wa mambo ya kompyuta, kijana mzuri asiyekubali kwamba kuna kitu asichokijua. Akaichokonoa, akaipuliza, mwisho kompyuta ikaiona nusu nusu, ikauliza kwa Kiingereza chake kama tunataka kuifomati.

"Fomati tu, dada," akasema. "Itapona."

"Na picha?"

"Picha zitaondoka. Ila kadi itapona."

Nikamtazama. Nilitamani kumpiga na kibodi. Akaona, akaongeza haraka kwamba Kariakoo yupo mtu mwenye programu ya kurudisha picha zilizofutwa, lakini lazima kadi ikubali kwanza kusomeka, kwa hiyo nifomati, kisha aipeleke yeye mwenyewe. Nikamwambia aende nifikiri. Nilifikiri usiku kucha. Asubuhi yake nikaona sina njia nyingine, na hilo la Kariakoo nikaliamini kwa sababu nilitaka kuliamini.

Ikafika saa saba mchana. Unaijua saa saba ya kwetu? Watu wametoka msikitini, wamekula, wamejilaza, barabara tupu, hata mbuzi wamejificha. Mama zetu walitukataza kuzurura saa ile, wakisema ni saa ya wenyewe. Nilikuwa peke yangu. Jenereta inanguruma nyuma, kompyuta imewaka, swali lile la kufomati liko kiooni, na mshale nimeuweka juu ya ndiyo. Nikasema Bismillahi, nikakaza kidole.

Kabla sijabonyeza, jenereta ikazimika. Mafuta nilikuwa nimejaza asubuhi ile, niamini. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, feni ikasimama, na katika ule ukimya nikasikia mlangoni:

"Hodi wa hapa."

Alikuwa msichana, umri wa Zaituni hivi. Amejifunga kaniki nyeusi kifuani, nguo ambayo wasichana wa miaka ile hawakuivaa tena, na begani ametupia khanga iliyopauka. Unyusi wake wa kushoto ulikatwa katikati na kovu. Upindo wa kaniki ulikuwa unadondoka maji, na nikajiuliza ameloa wapi, kiangazi kile, Kibiti.

"Karibu," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa. "Picha ya pasipoti?"

"La, mwanangu," akasema. "Nimepita kukutazama."

Mwanangu! Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mitano na watoto wawili. Nikataka kumpa maneno yake, lakini alikwisha kaa kwenye kiti cha mteja, anaangaza chumba kwa furaha, anagusa pazia, anajitazama kwenye kioo. Hapo nikasikia harufu ya tope la mikoko, ile harufu nzito ya maji yakitoka. Hata hivyo sikuogopa. Ndilo jambo ninaloulizwa mpaka leo: hukuogopa? Sikuogopa. Ilikuwa kama amekuja mtu wa nyumbani.

"Wasumbuka na nini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia mtu nisiyemjua habari za kadi, lakini nilizieleza zote, na za Zaituni asiyekula nikazieleza. Akanyoosha mkono. Nikaichomoa kadi nikampa. Hakuitazama. Aliinusa.

Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Huyu ana singo, mwanangu! Mwamtaka mwali atoke, naye mmemwacha na singo lake usoni? Tangu lini? Mfute kwanza. Maji usimmwagie, mfute tu, taratibu, meno yang'ae. Ndipo atoe uso."

Mimi na Hamadi wangu tumechokonoa, tumepuliza, tumezima na kuwasha, hakuna aliyeigeuza kadi akaitazama mgongo. Akanirudishia, akainuka, akajifunga khanga vizuri.

"Kaa ule basi," nikamwambia. Sina hakika kwa nini nilisema hivyo.

"Ningekaa. Lakini nina mgeni nyumbani. Kafika siku nne hizi, kachoka na safari, nimemwacha kalala. Akiamka hapendi asinione."

Akatoka. Nikafuata mlangoni nimuulize jina. Barabara nyeupe, jua kali, hakuna mtu kushoto wala kulia, na duka la jirani limefungwa. Nikageuka ndani. Kutoka kizingiti mpaka kwenye kiti, na kurudi, sakafuni palikuwa na nyayo za tope jeusi, mbichi. Nje ya kizingiti, kwenye vumbi, hapakuwa na hata unyayo mmoja.

Sasa hapo ndipo nilipoogopa. Nikasoma kila dua niliyoikumbuka kutoka madrasa na nyingine nikazichanganya. Ningekimbia, kweli ningekimbia. Lakini kadi ilikuwa mkononi, na nilimkumbuka Zaituni alivyoinuka kwenye kile kiti. Nikaigeuza. Meno yale ya dhahabu yalikuwa na utando mwembamba wa manjano, umeganda kwa mafuta na jasho la khanga. Nikachukua raba ya penseli ya mwanangu, nikasugua pole pole, jino moja baada ya jingine. Nikachovya pamba kwenye spiriti kidogo, nikaikamua, nikafuta. Pamba ikatoka na manjano, na chumba kikanukia harusi. Nikaiacha ikauke kabisa. Kisha nikaenda nyuma, nikavuta kamba ya jenereta mara moja, ikawaka.

Kadi ikafunguka. Zote zilikuwemo. Nilipiga kelele peke yangu kama nimeshinda bahati nasibu.

Nikazipitia moja moja. Mikono ya manjano, vinywa vya vigelegele, Zaituni amefumba macho. Halafu Bi Siwatu, ameketi kwenye mkeka karibu na ukuta, anacheka, meno yote nje. Picha tatu za namna hiyo. Na ubavuni mwake, katika zote tatu, amekaa yule msichana wa kaniki, mkono ameuweka kwenye bega la bibi, na anamtazama yeye tu.

Nisikilize vizuri. Mimi ndiye niliyepiga picha zile. Nilimlenga Bi Siwatu, nakumbuka hata kivuli cha dirisha ukutani. Alikuwa peke yake kwenye mkeka ule.

Sikulala. Kesho yake Zaituni akaja kama nilivyomwambia, na safari hii alifuatana na Mzee Mtoro, mdogo wake Bi Siwatu, aliyekuwa amevuka kutoka Maparoni kuja kumwomba asiivunje ndoa yake. Nilikuwa nimekwisha chapisha picha moja. Nilisita kuitoa, nikawaza nitaelezaje. Mwisho nikampa Zaituni.

Alimwona bibi yake akashika mdomo. Akalia kwa sauti, machozi yaliyokuwa yamemkauka. "Bibi yangu. Tazama anavyocheka." Kisha akasita. "Na huyu nani? Dada, huyu hakuwepo kwenye singo langu."

Mzee Mtoro akaichukua, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akatafuta kiti kwa nyuma, akakaa.

"La ilaha illallah," akasema. "Mwanahawa."

Akatueleza, akipumzika kila baada ya maneno mawili. Mwanahawa alikuwa dada yao, aliyemfuata Siwatu. Yeye Mtoro alikuwa mtoto mdogo, lakini kovu lile la unyusi analijua kwa sababu ni yeye aliyemrushia kigae. Siwatu alipokuwa anataka kuolewa, Mwanahawa ndiye aliyetakiwa kumsinga. Akavuka kwenda kununua dalia na khanga za harusi. Wakati wa kurudi mto ulikuwa umefura, mtumbwi ukapinduka, na maiti haikuonekana mpaka leo. Siwatu aliolewa bila singo, na tangu siku hiyo hakuyakanyaga maji tena.

"Miaka yote alisema mwenziwe yuko peke yake huko," mzee akasema.

Mimi nikawa sina budi. Nikawaambia yote: jenereta, kaniki iliyoloa, kadi ilivyonuswa, nyayo ambazo sikuwa nimethubutu kuzifagia na bado zilikuwepo, zimekauka, chini ya miguu yetu. Nikawaambia na maneno ya mwisho, kwamba nyumbani ana mgeni aliyefika siku nne, amechoka na safari, amemwacha kalala.

Zaituni akahesabu kwa vidole, tangu siku aliyofariki bibi yake mpaka jana. Akainua uso.

"Alisema hivyo? Kwamba amelala?"

"Alisema akiamka hapendi asimwone."

"Kwa hiyo hayuko peke yake."

"Hayuko peke yake, mjukuu wangu," Mzee Mtoro akamjibu. "Kapokewa."

Zaituni akaitazama picha muda mrefu. Akajifuta uso kwa khanga, akapumua, kisha akaniambia kwa aibu kidogo: "Dada, una chochote cha kula?"

Nilikimbia mwenyewe kununua chapati na maharage, na niliporudi alikula zake zote, na yangu nikamwongezea.

Hakurudi Maparoni. Ndoa yake ipo, watoto wapo, na picha ile imetundikwa sebuleni, kila mgeni anayeuliza anaambiwa hao ni bibi wawili wa Zaituni. Mimi studio niliiendesha miaka mingi baadaye. Nyayo zilifutika taratibu kwa kufagiwa, ila kiti kile sikukiuza. Na mpaka leo saa saba mchana mlango wangu siufungi, hata jua liwe kali namna gani.

Na wewe mwenye kamera, mwenye simu yako, mwenye kadi imegoma, nakuonya. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kufuta kila kitu, usiseme ndiyo kwa haraka ya fundi wala kwa uchovu wako. Igeuze kwanza, itazame mgongo, iguse kwa upole, maana pengine imechafuka tu kwa furaha yenu wenyewe. Zikifunguka picha ukamwona ndani yake mtu usiyemjua, amekaa karibu na mzee wa nyumba, usimfute ukasema kaharibu picha. Wapelekee wazee wamtazame, haraka, kabla nao hawajaondoka na jina lake.